Kupima rupia ya Mjerumani kabla hujatoa pesa

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, enzi za Wajerumani ambazo malipo yalikuwa ya rupia, sarafu ya madini ya fedha, kwa hiyo si ajabu kuikuta moja kwenye sanduku la babu. Ila bandia nazo zimejaa. Vifaa ni vichache: sumaku, rula, lenzi, uzi mwembamba wa nailoni, kikombe cha plastiki na mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01.

Anza na sura. Upande mmoja ni Kaisari Wilhelm wa Pili, aliyetawala Ujerumani 1888 hadi 1918, amevaa helmeti yenye tai juu, na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili unategemea mwaka. Za 1890 hadi 1902 zina simba na mtende pamoja na jina la kampuni iliyozitoa, DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT. Kuanzia 1904 serikali ya Ujerumani ilichukua kazi ya kuzitoa, na kilichoandikwa ni DEUTSCH OSTAFRIKA, 1 RUPIE na mwaka, pamoja na herufi A (Berlin) au J (Hamburg). Ukiona simba kwenye sarafu ya 1910, mrudishie mwenyewe.

Ukiuziwa "rupia ya fedha ya Tabora" yenye herufi T, usihangaike hata na mizani. Herufi hiyo ni ya sarafu za dharura zilizogongwa Tabora mwaka 1916, vita vilipokata njia ya meli: heller (sarafu ndogo) za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Rupia ya fedha haikugongwa hapo.

Sumaku isiishike kabisa. Upana ni kama milimita 30, na ukingo una meno madogo yaliyopangika sawasawa. Pitisha lenzi pale ukingoni polepole: mstari mwembamba unaozunguka katikati ya meno, au vishimo kama vya uji uliochemka, ni dalili ya sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu. Ya kweli iligongwa kwa mashine.

Uzito halali ni gramu 11.66. Iliyochakaa hupungua kidogo, na iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni hupungua zaidi, ndiyo maana uzito peke yake hautoshi. Kipimo chenye nguvu ni cha maji. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma kama 1.13. Gawanya uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo: 11.52 kwa 1.12, kwa mfano, ni 10.29. Fedha ya rupia, asilimia 91.7, hukaa karibu na 10.3. Shaba iliyochanganywa na nikeli au zinki huangukia 8.4 hadi 8.9.

Makosa hutokea hapa. Viputo vya hewa hushusha jibu, kwa hiyo tia tone la sabuni ya vyombo majini, na kwenye tundu kagua mara mbili. Sarafu ikigusa chini, namba ya mizani hupanda mno. Kipande kilicholehemewa huharibu hesabu yote.

Rupia ya India yenye sura ya Malkia Victoria ina uzito na fedha ileile, kwa hiyo itafaulu kila kipimo cha mizani. Hiyo utaitambua kwa kusoma tu: ONE RUPEE INDIA. Ni fedha halisi, ila usiilipie bei ya Mjerumani.

Ikishapita, usiisugue kwa stilwaya, majivu wala dawa ya meno. Weusi ule ni wa kawaida kwa fedha, na mikwaruzo ndiyo inayoua bei. Tope litoe kwa maji safi, igongegonge kwa kitambaa laini ikauke, kisha ifunge kwenye karatasi kavu.