Jinsi ya Kusoma Fomu ya Ridhaa Kabla ya Kutoa Kiinitete kwa Utafiti wa Seli Shina

Wanandoa waliotungishiwa mimba maabara huweza kuombwa viinitete vyao vilivyobaki (mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua) vitumike katika utafiti wa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingi za mwili, na kabla ya kutia saini yawapasa kwanza kumtazama anayeomba. Ikiwa ni daktari yuleyule anayewatibu, ombeni kuzungumza na mtu mwingine, kwa kuwa ni vigumu kumkatalia mtu ambaye matibabu yenu yamo mikononi mwake. Jambo hili si dogo: nchini Korea Kusini, mtafiti wa seli shina Hwang Woo-suk alikiri mwaka 2005 kwamba watafiti wa kike wa maabara yake mwenyewe walikuwa wametoa mayai yao, na mwaka uliofuata jarida la Science lilizifuta makala zake mbili baada ya kubainika kuwa data zilighushiwa.

Kisha isomeni fomu bila haraka. Tafuteni sentensi isemayo kwamba kiinitete huharibiwa seli zinapotolewa. Ikiwa imefunikwa kwa maneno laini kama "kuchangia sayansi" (nayo hufunikwa hivyo), ulizeni waziwazi. Ulizeni pia kama seli hizo, ambazo huweza kuzalishwa maabara kwa miaka mingi, zitauzwa au kupelekwa nje ya nchi, na mwisho wa kubadili nia ni lini. Kurudishiwa nauli si neno. Kitita kinono kiwatie shaka. Nakala ya fomu ibaki kwenu.