Likizo ya Theluji kwa Gharama Nafuu: Januari katika Milima ya Bavaria

Aliyekulia Zanzibar au Diani anajua kwamba hoteli za ufukweni hushusha bei masika yanapoingia, kwa kuwa wageni wameikimbia mvua. Milima ya Alpi nayo ina masika yake, na Mwafrika Mashariki anayeishi Ujerumani, ambaye angependa kuwaonyesha watoto wake theluji ya kweli bila kumaliza akiba ya miezi kadhaa, hana budi kutofautisha kipindi ambacho wageni wamepungua na mambo yanaendelea, na kile ambacho kila kitu kimefungwa.

Masika halisi ya huko ni Novemba. Wenye lifti za milimani, zile zinazopandisha watu mlimani, huutumia mwezi huo kuzikagua na kuzitengeneza, mikahawa mingi hufungwa, na theluji ya bondeni bado haijatulia. Mara ya kwanza nilivutwa na bei ya chumba nikaenda mwezi huohuo, na kwa siku tatu nilitazama mvua dirishani katika mji ambao lifti zake zote zilikuwa zimesimama. Kipindi ninachokipendekeza kwa moyo wote ni kile kinachoanza siku chache baada ya tarehe 6 Januari, yaani Sikukuu ya Tokeo la Bwana ambayo Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, na Austria huwa ni siku ya mapumziko, na kumalizika kabla ya likizo za shule za Februari. Katika wiki hizo theluji ipo, lifti zinafanya kazi, na wenye nyumba wana vyumba vitupu wanavyotaka kuvijaza. Kabla ya kuchagua tarehe, angalia kalenda za likizo za shule za Bavaria, Austria na Uholanzi, hata kama wewe unaishi Köln, kwa sababu familia za huko ndizo zinazopandisha bei.

Wenye watoto wa shule wasishawishike kuwatoa darasani katikati ya wiki. Mahudhurio ni ya lazima kisheria, na wazazi wanaweza kutozwa faini. Kwao inafaa Jumamosi na Jumapili za Januari, au likizo ya Pasaka, maana juu ya Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani wenye mita 2,962, theluji kwa kawaida hubaki hadi Aprili.

Kuhusu usafiri, Garmisch-Partenkirchen, mji ulio chini ya Zugspitze, uko karibu saa moja na nusu kwa treni ya mkoa kutoka Munich, na tiketi ya mwezi ya Deutschlandticket, ambayo tangu Januari 2026 ni euro 63, inakufikisha huko bila kuongeza senti. Ukiikata kwa ajili ya safari hii pekee, kumbuka kuisitisha kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo, la sivyo utalipia na mwezi unaofuata. Mkiwa kundi la watu wasiozidi watano, linganisheni na Bayern-Ticket ya siku moja, ambayo siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi. Tiketi hizi hazikupeleki kileleni, kwani kupanda Zugspitze kuna nauli yake, tena si ndogo.

Malazi ndiyo yanayohitaji hesabu ya makini. Fleti yenye jiko ni nafuu kuliko hoteli, ila bei inayotangazwa mara nyingi huacha nje ada ya usafi wa mwisho na ushuru wa mgeni; kwa hiyo ulizia jumla ya mwisho kabla ya kulipa, na ukae angalau siku tatu ili ada ya usafi igawanyike. Farchant, Oberau na Murnau ziko kwenye reli hiyohiyo ya Munich hadi Garmisch, kwa hiyo tafuta huko pia. Ule ushuru wa mgeni una faida yake, kwani katika miji mingi ya milimani hukupa kadi inayokuruhusu kupanda mabasi ya eneo bila nauli. Beba unga wa ugali na viungo vyako kutoka mjini, na ununue mengine kabla ya Jumapili, siku ambayo maduka hufungwa.

Nguo za baridi kali zitafute kwenye mitumba, au uwaazime ndugu waliokwisha kwenda, kwa sababu mtoto huvaa suruali ya theluji msimu mmoja tu. Mahali ambapo singebana matumizi ni viatu: viwe visivyopitisha maji na vyenye soli inayoshika. Ndani vaa sufu badala ya pamba, kwani pamba ikilowa jasho hukaa na ubaridi mwilini. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua yanatuhusu sisi pia, maana theluji hurudisha miale machoni, na weusi wa ngozi hauyakingi macho.

Si lazima kujifunza kuteleza kwa skii. Kukodi sleji ya mbao, kigari cha kuketi na kuteleza kwenye theluji, kwa siku ni gharama ndogo sana ukilinganisha na vifaa vya skii, tiketi ya lifti na mwalimu, na watoto huifurahia mara moja. Korongo la Partnach, hapo Garmisch, lenye urefu wa mita 700 hivi, hupambwa na nguzo za barafu kwa kiingilio cha wastani. Njia yake huanzia karibu na uwanja wa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1936. Uliza kwanza kama liko wazi. Bima ya kawaida ya afya hailipi gharama za kutafutwa na kuokolewa mlimani ukiwa hujaumia, ilhali uanachama wa chama cha wapanda milima cha Ujerumani unajumuisha bima hiyo.

Mwisho ni karatasi. Mpaka wa Austria uko karibu sana, na treni za kutoka Garmisch kuelekea Reutte au Innsbruck huuvuka, nao polisi hukagua abiria wanaorudi Ujerumani. Beba pasipoti na kibali cha makazi, si nakala. Ndugu anayesubiri uamuzi wa maombi ya hifadhi asivuke kabisa, kwani hati yake haimruhusu kutoka Ujerumani. Ashuke Garmisch, au Mittenwald, kituo cha mwisho kabla ya mpaka kwenye njia ya Innsbruck.