Beseni la ndege la zege: ya kuangalia kabla hujanunua saruji

Kabla hujamtuma mtu dukani kuleta saruji, lijaze maji beseni lenyewe, hilo la ndege kunywea na kuogea. Wengi huanza na ufa wanaouona, kumbe maji yanatokea kwingine. Langu nililikuta kwenye bustani ya nyumba ya zamani, Shantytown hapa Moshi: bakuli pana la zege juu ya mguu mmoja, ndani kijani kitupu, ukingo umemeguka, na ufa mmoja mkubwa ambao kila aliyepita aliuonyesha kidole. Ufa ule haukuwa unavuja hata tone.

Jaza jioni, kisha piga mstari wa penseli pale maji yalipofika. Pembeni weka sufuria pana yenye maji, nayo uipige mstari. Asubuhi linganisha. Jua na upepo hupunguza maji ya vyombo vyote viwili. Maji ya beseni yakishuka kuliko ya sufuria, basi beseni linavuja. Usilimwage bado. Liache mpaka maji yakome kushuka kwa kasi, kwa maana yanapotulia ndipo usawa wa tundu ulipo. Kama yameisha yote na mguu umeloa, tatizo liko katikati, pale bakuli linapokaa juu ya mguu.

Likishakauka, ligonge taratibu kwa mpini wa nyundo, ndani na nje. Zege zima hulia kwa mkazo; palipoachia hulia kama debe tupu. Pazungushie chaki. Angalia pia madoa ya kutu, maana mabeseni mengine yalisukwa kwa waya au nondo nyembamba ndani. Chuma kikishika kutu huvimba, na huko kuvimba ndiko kunakopasua zege toka ndani. Kuziba ufa wa namna hiyo kwa juu ni kumfunika mgonjwa shuka. Itabidi uchimbe mpaka chuma kionekane, ukisugue kwa brashi ya waya mpaka king'ae, ndipo ujaze. Ukikuta chuma kimeliwa nusu, au bakuli limekatika vipande viwili, mimi ningesuka jipya na kuuacha mguu wa zamani.

Chagua majira. Masika ya Machi hadi Mei hayakupi siku mbili za uhakika, na Januari na Februari jua linanyonya maji kwenye lipu kabla haijashika. Napenda Juni na Julai, mlima unapojifunika mawingu na baridi inakaa mpaka saa nne asubuhi: zege linakomaa polepole, na polepole ndiyo nguvu yake. Shida ni kwamba hicho ndicho kiangazi, ndege wana kiu. Kwa hiyo siku ile ile unayolifunga beseni kwa matengenezo, weka sahani ya udongo, zile za kukalia vyungu vya maua, hatua chache kutoka hapo, yenye maji ya kina cha vidole viwili. Nilidharau jambo hili mara ya kwanza, na tetere wakahamia kwa jirani. Jirani mwenyewe alikuwa ameniuliza kwa dhati, "Mzee, hao ndege wanakulipa?"

Usafi una hatari zake, na haufanywi kwa kukurupuka. Kinyesi cha ndege kilichokauka kikikwanguliwa hutoa vumbi lenye vimelea vya kuvu vinavyoweza kuumiza mapafu. Lowesha kwanza, vaa barakoa na glavu, sugua kwa brashi ngumu na maji ya moto yenye sabuni kidogo. Kwa utelezi wa kijani usiobanduka, tumia dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe: kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, iache dakika kumi au kumi na tano, suuza mara kadhaa, kisha liache juani mpaka harufu iishe kabisa. Klorini usiichanganye na siki wala dawa ya choo, hata kwa tone; hewa inayotoka ni sumu.

Hiyo dawa ya choo ninaijua vizuri. Niliimwaga nikiwa peke yangu, ikatoa povu, nikafurahi kwamba uchafu unatoka. Povu lile lilikuwa zege lenyewe likiliwa. Tindikali hula saruji, iwe ya dukani, ya siki au ya limau, inachotofautiana ni kasi tu. Nilibaki na sakafu ya mchanga na kokoto zilizochomoza, na kijani kikarudi haraka kuliko awali kwa sababu sasa kilikuwa na mahali pa kung'ang'ania.

Kama beseni lina rangi ya mafuta ya miaka mingi, usilipige msasa mkavu. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake si la kuvuta wewe wala mtoto anayechezea hapo.

Kulinyanyua nako kuna hesabu yake. Bakuli la upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 5 hupita kilo 30, na mara nyingi limekaa tu juu ya mguu bila kushikizwa. Tafuta mtu wa pili kabla hujaligusa, na tandika gunia pa kulilaza.

Vifaa si vingi: tindo, nyundo, brashi ya waya, mwiko mdogo, sifongo, ndoo, karai. Saruji kilo mbili hadi tatu zinatosha viraka vya kawaida, na maduka mengi ya mtaani yatakupimia, ila omba uone mfuko inakotoka. Ikiwa na mabonge magumu iache hapo hapo. Mchanga ndio unaohitaji macho. Ujaze kwenye chupa ya glasi mpaka katikati, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, weka mpaka kesho. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka. Kwa mchanga wa sentimita 10, tope likizidi nusu sentimita, uoshe na kuuchekecha.

Ufa wa unywele unatosha niru, yaani uji wa saruji na maji, iliyopakwa kwa brashi. Ufa mpana lazima uchimbwe kwa tindo hadi kina cha sentimita moja hivi, chini pawe papana kuliko juu, ili kiraka kijikabe chenyewe. Changanya saruji moja kwa mchanga tatu, maji kidogo: ukifumbata donge likae bila kuchuruzika. Changanya cha kutumia ndani ya saa moja, na kikianza kushika usikifufue kwa maji.

Fundi niliyemwita zamani alikuwa na mkono mzuri, lakini alipaka lipu kwenye zege kavu lililotoka juani. "Bosi, kesho jaza maji tu," akasema. Baada ya wiki mbili niliinua lipu ile nzima nzima kama chapati. Zege la zamani hunyonya maji ya lipu mpya, ikakosa ya kushikia. Loweka tangu jana yake, sehemu iwe na unyevu bila maji yanayotuama, paka niru, na kabla haijakauka piga kiraka. Malizia kwa sifongo, si kwa mwiko wa kung'arisha; ndege anahitaji mahali pa kukita kucha.

Kisha funika kwa majani ya mgomba na gunia lililolowa, ukimwagia asubuhi na jioni kwa siku saba. Ukomavu wenyewe huhesabiwa siku 28, na ukiweza kusubiri, subiri.

Hata hapo maji ya kwanza si ya kunywa. Saruji mpya hutoa chokaa inayochoma. Jaza, mwaga kila siku, angalau siku tano. Halafu chukua kikombe cheupe cha maji yaliyolala humo na kingine cha bombani, vidondoshee juisi nzito ya rosela isiyo na sukari, matone sawa. Cha beseni kikigeuka bluu au kijani wakati cha bombani hakijageuka hivyo, endelea kumwaga.

Wakati unasubiri, panga litakaporudi: ardhi tambarare, kivuli cha sehemu ya siku, na mita tatu hivi kutoka kichaka ambacho paka anaweza kujibanza. Ndani kina kianzie sentimita moja ukingoni na kisipite 5 katikati. Kina kikizidi hapo, weka jiwe bapa ndani. Maji yabadilishwe kila siku mbili, kwa kuwa mbu humaliza ukuaji wake majini kwa wiki moja hivi kwenye joto letu. Sahani ya udongo isogeze kidogo kidogo kulielekea beseni, na uiondoe pale tu shore na kwezi watakapoanza kugombania ukingo.