Somo: Kutazama ndege wa uani hapa Mombasa, anza na maji si chakula

Haya jamani, somo la leo ni la watu wa Mombasa hasa, manake mafunzo mengi ya ndege kwenye intaneti yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na huko kitu cha kwanza watakwambia tundika chakula. Ukifanya hivo Majengo ama Kisauni hutaona ndege, utaona kunguru. Watajaa, watapiga kelele mpaka jirani atoke nje, na vile vindege vidogo ulivyovitaka vyote vitahama. Kwa hivo sisi twaenda kinyume: maji kwanza, maua pili, chakula mwisho kabisa na pengine usiweke kabisa.

Na usiniambie huna ua. Ua wa nyumba ya Kiswahili, kibaraza cha flati, rufu ya kuanikia nguo, ata dirisha la jikoni linaloangalia mwembe wa jirani, yote sawa. Darubini ukiwa nayo vizuri (8x42, yaani ya kukuza mara nane, ndo nzuri, zile za kukuza mara ishirini zatetemeka mkononi huoni kitu) lakini ndege wa uani wako karibu, macho yatosha.

Hatua ya 1: kaa kitako

Jua letu latoka saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, halibadiliki sana. Ukishaswali alfajiri ama ukishaamka tu usirudi kitandani, chukua chai yako na mahamri ukae pale pale kila siku. Pale pale ndo siri yenyewe, ndege wakuzoee, mwanzo watakaa juu ya waya wakuangalie tu, baadae watashuka na wewe uko hapo unatafuna. Ikifika saa mbili ushaona ya kuona. Jioni tena kuanzia saa kumi na nusu mpaka karibu na magharibi. Mchana usijisumbue.

Hatua ya 2: maji

Hapa ntakaa kidogo manake hapa ndo penyewe. Mombasa maji ni shida ata kwa sisi watu, twanunua kwa jerikeni, sasa fikiria ndege wakati wa kaskazi, mwezi wa kwanza na wa pili, mvua hakuna na jua latoboa. Sahani moja ya maji wakati huo yaleta ndege kushinda gunia la mtama. Chukua ile sahani ya udongo inayowekwa chini ya chungu cha maua, ama sinia kuukuu, mradi isiwe na kina, maji yasipite vidole viwili pale pa ndani kabisa. Plastiki yateleza, kama huna kingine basi tia mawe wapate kusimama. Jiwe moja liweke katikati litokeze juu ya maji, wale wadogo kabisa hutua hapo.

Iweke kivulini, juu ya stuli ama ukutani, si chini, sababu ya paka (na paka wa Mji wa Kale mwawajua wenyewe). Isigusane na kichaka ambacho paka atajibanza ndani, lakini isiwe mbali na tawi la kukimbilia, hatua tatu nne hivi.

Na hili msilipuuze: maji yabadilishwe kila siku. Uchafu ni kitu kimoja, mbu ni kingine. Mbu wa dengi na chikungunya anapenda vyombo vidogo vidogo kama hivi, na kwa joto letu kutoka yai mpaka mbu ni kama wiki tu. Mwaka 2017 kuingia 2018 tulikuwa na chikungunya mjini na aliyeugua anajua viungo vilivyomuuma. Mayai yenyewe hushika pembeni mwa chombo, kwa hivo kumwaga pekee hakutoshi, sugua na brashi alafu ndo utie mapya. Ya jana mwagia mrehani.

Ukitaka wengi zaidi, tundika chupa ya maji juu ya sahani, itoboe kwa sindano idondoke tone tone. Ndege wakisikia mdondoko huo wanakuja kutafuta.

Hatua ya 3: maua

Hii ni ya chozi, kile kindege cha mdomo mwembamba uliopinda. Shubiri, hibiskasi, mkomamanga, ua la mgomba, la mpapai, ata la mnazi, kote huko anafika. Akija utamuona dume anang'ara, kifuani ana mkanda wa zambarau, jike yuko rangi ya kawaida tu, kahawia juu na manjano hafifu chini. Kiota chao huning'inia, wamekifunga kwa utando wa buibui, kwa hivo kabla hujafagia kila utando kwenye baraza fikiria mara mbili (mama mkwe akiuliza mwambie ni wa chozi). Na msipige dawa ya wadudu kwenye maua. Chozi ananyonya utamu wa maua ndio, lakini watoto wake anawalisha wadudu na buibui.

Mpera ama mpapai ukiiva muwachieni ndege tunda moja juu.

Hatua ya 4: wajue hawa kwanza

Usikimbilie kuwajua wote, Kenya ina aina zaidi ya 1,000, utachanganyikiwa bure. Anza na wa kwako.

Shomoro: huyu wa kwenye mapaa, dume ana doa jeusi kooni. Shore: wa kahawia, kichwa cheusi, chini ya mkia ana manjano, mpiga kelele wa asubuhi. Tetere: njiwa wa kijivu mwenye pete nyeusi nusu shingoni, nyuma. Dudumizi: haonekani kirahisi lakini utamsikia, sauti yake ni kama maji yanayomiminwa kutoka kwa chupa yenye shingo nyembamba, na wazee husema akilia mvua i karibu.

Mnana, yule ndege mfumaji, ndo raha kuliko wote, kwangu mimi. Wa kwetu pwani wengi ni wale wa minazi, dume manjano tupu na kichwa kimekolea rangi ya chungwa, jicho jeusi. Kuna mwengine anafanana naye lakini jicho lake jekundu, hapo ndo mtagombana na mwenzako. Mvua zikianza mwangalie anavofanya kazi. Anachana ukuti nyuzi nyuzi, anafunga mafundo kwa mdomo tu, kiota kikiisha ananing'inia chini yake anapiga mbawa kumuita jike. Jike anaingia, anakagua, asipopendezwa anaenda zake. Kiota kikikaa bila mtu mpaka kikauke dume mwenyewe anakibomoa aanze upya, na jirani yake wa tawi la pili ashapata mke. Mchezo huu wa kuigiza unaweza kuutazama wiki nzima bure.

Kunguru nae umjue. Huyu mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu, ni wa Bara Hindi, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na Mombasa akaonekana 1947. Anakula mayai na makinda ya wenziwe, ndo sababu vindege vimepungua mjini. Kunguru wetu wa asili ni yule mweusi mwenye kifua cheupe, na mjini sasa ukimuona una bahati. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwapunguza hawa wa kijivu milioni moja. Wewe kazi yako ni moja, usiwalishe, na pipa la taka lifunike.

Hatua ya 5: andika

Daftari la shule latosha: tarehe, saa, ndege gani, anafanya nini. Hiyo ya mwisho ndo muhimu. Baada ya muda utaanza kuona mambo yanajirudia, kama vile mwezi wa kumi mbayuwayu kutoka Ulaya wanaanza kujipanga kwenye nyaya, na keremkerem, wale wala nyuki, nao wanapita, na mwezi wa nne wanaondoka. Programu ya simu ya kutambua ndege iitwayo Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, ni bure na ina ndege wa Kenya, ni nzuri ila usiiamini kwa kila kitu, angalia kwa macho yako pia.

Chakula, kama lazima

Mtama ama mawele kidogo, kiganja kimoja, ndani ya kifuu cha nazi chenye tundu dogo, ukitundike ndani kabisa ya bogenvila yenye miba ambapo kunguru hawezi kujipenyeza. Asubuhi tu, saa sita toa kilichobaki ama panya watakushukuru usiku. Mkate, bajia, viazi karai, wali wa jana wenye chumvi, hapana.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Likoni: Mwalimu kuna chozi kila asubuhi anapigana na kioo cha gari yangu, anagonga gonga na kuchafua mlango wote. Amerogwa?
Jibu: Hajarogwa ndugu yangu, anajiona mwenyewe anadhani ni dume mwengine kaingia kwenye eneo lake. Vika vioo soksi ama mfuko ukiegesha, wiki chache ataacha.

Wa Changamwe: Mimi nko flati ghorofa ya nne hakuna ata ua moja, nifanye nini?
Jibu: Wewe una bahati kuliko sisi wa chini dadangu. Angalia minazi iliyo usawa wako, kuna mbayuwayu wembamba wa kijivu wanazunguka hapo siku nzima. Hao hugundisha manyoya kwenye ukuti kwa mate yao, na mayai pia wanayagundisha ili upepo usiyaangushe. Sisi wa chini twaona matumbo yao tu.

Bibi wa Mji wa Kale: Mwanangu, bundi amekaa juu ya paa langu usiku. Wajukuu wataka kumpiga mawe, nami nina hofu.
Jibu: Shikamoo bibi. Usiwe na hofu, na tafadhali wakataze hao wajukuu. Bundi amefuata panya, na nyumba za Mji wa Kale mwajua zilivyo na panya. Akishiba ataondoka mwenyewe.

Wa Kisauni: Kinda kaanguka, nimeambiwa nikimshika mama yake atamkataa. Kweli?
Jibu: Si kweli, mamake hamtupi kwa sababu ya harufu yako. Kama hana manyoya mrudishe kiotani. Kama ana manyoya na anarukaruka, muweke tu juu ya tawi umfungie paka, mama yuko karibu anakungoja wewe uondoke.

Wa Mikindani: Naweza kumkamata mnana nimfuge kwenye tundu? Watoto wanampenda.
Jibu: Hapana, ndege wa porini kumfuga bila kibali ni makosa kwa sheria ya wanyamapori ya 2013. Na ukimtia tunduni huo ufumaji hutauona tena, sasa watoto watapenda nini?

Wa Bamburi: Sasa hawa minana wako unaowasifu wamenichania mnazi wote, makuti yamebaki vijiti. Nikate viota?
Jibu: Mnazi mkubwa kwa kawaida hustahimili. Na mengine wanachana makusudi, majani karibu na kiota wanayaondoa ili nyoka asipate pa kujificha. Ngoja makinda yatoke, ukisikia kimya ndani ya viota siku kadhaa hapo ndo umuite mkwezi akate yale makuti yaliyokauka. Mwambie awache mabichi, msimu ujao watayataka.