Broila wanakula na hawanenepi: kagua banda kabla ya kulaumu chakula

Mfugaji akiona kuku wa nyama wanamaliza chakula na uzito haupandi, jambo la kwanza analofikiria ni kubadilisha kiwanda cha chakula. Mara nyingi kosa halimo kwenye gunia. Kuku anayehema kwa joto huacha kula. Anayepigwa na baridi hutumia chakula kujipasha moto. Anayelalia matandazo mabichi hupata ugonjwa wa koksidia, utumbo ukachubuka, na anachokula kikapita bila kumjenga. Chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote katika kazi hii, kwa hiyo kasoro ya banda unailipia kila siku kupitia gunia.

Banda

Kuku 500 wanahitaji mita za mraba 50, tuseme banda la mita 5 kwa 10. Hesabu hiyo ya kuku 10 kwa mita moja ya mraba inafaa Wakiso, Mukono, Masaka na Mbarara hapa Uganda. Gulu, Lira na Arua, ambako kiangazi cha Desemba hadi Februari huwa kikali, weka kuku 8 tu, maana yake banda hilohilo lichukue 400.

Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Upana usizidi mita 8 au 9 hata kama unafuga kuku 5,000, kwa kuwa hewa haivuki vizuri banda pana lisilo na feni; ukitaka nafasi zaidi, ongeza urefu. Kuta ndefu ziishie sentimita 50 hadi 60 kutoka sakafuni, na kutoka hapo hadi juu uwe wavu mtupu. Paa liwe na kimo cha mita 2.5 pembeni, na litokeze mita moja nje ya ukuta, kwa sababu mvua zetu huja na upepo.

Pazia la turubai ndilo hukosewa na wengi. Lishikizwe chini, juu ya tofali za ukuta, kisha livutwe kwa kamba kwenda juu. Ukitaka hewa, unalishusha kidogo: uwazi unabaki juu, joto na unyevu vinatoka, na vifaranga hawapigwi na upepo. Likitundikwa juu na kukunjwa kutoka chini, upepo unawapiga moja kwa moja, mfugaji anaogopa na kulifunga kabisa, na asubuhi banda linanuka amonia, ile hewa kali ya kinyesi. Milimani kama Kabale kosa hili ni hatari zaidi. Huko, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, oksijeni ni kidogo. Banda likizibwa kwa hofu ya baridi, moyo wa broila anayekua haraka hushindwa na tumbo hujaa maji.

Sakafu iwe ya sementi. Tandaza sentimita 5 hadi 8 za maganda makavu ya kahawa, maranda, au maganda ya mpunga. Usitumie unga laini wa mbao, vifaranga huula. Kila siku chukua konzi ya matandazo karibu na kinyweshea, ikaze, kisha fungua kiganja. Yakishikana kidogo na kusambaratika, ni sawa. Yakibaki donge, yaondoe mahali hapo, weka makavu, na tafuta maji yanavuja wapi. Kisha chuchumaa hadi usawa wa kichwa cha kuku na uvute pumzi. Macho yakiwasha hapo chini, kuku wanaumia, hata kama wewe ukisimama husikii harufu yoyote.

Siku saba za kwanza

Zungushia bruda, yaani sehemu ya kulea vifaranga kwa joto, ubao mwembamba kwa umbo la duara, kwa kuwa kwenye kona vifaranga hulaliana na kufa. Anza na vifaranga 50 kwa mita ya mraba, na upanue duara kila siku chache. Joto liwashwe saa 24 kabla hawajafika, maana kifaranga hupoteza joto kupitia miguu. Matandazo yakiwa baridi, taa ya juu haimsaidii. Hewa kwenye usawa wa kifaranga iwe nyuzi 32 hadi 34, kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki.

Jiko la mkaa liwashiwe nje hadi moshi uishe ndipo liingizwe, na pazia liachwe wazi juu. Mkaa uliokolea bado hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Vifaranga wakisinzia ilhali joto liko sawa, fungua pazia mara moja.

Saa 24 baada ya kuwapokea, shika vifaranga 30 kutoka pande tofauti na upapase gole (mfuko wa chakula chini ya shingo) la kila mmoja. Likiwa laini na limejaa, amekula na kunywa. Likiwa gumu, amekula bila maji. Wenye gole lililojaa wakiwa chini ya 28, rekebisha joto, mwanga au nafasi ya vyombo siku hiyohiyo. Siku ya 7 kifaranga awe amefikia uzito mara nne ya ule aliokuja nao. Aliyechelewa hapa haipati tena wiki aliyopoteza.

Chakula

Stata (chakula cha kuanzia) yenye protini asilimia 21 hadi 23 ipewe siku 21 za mwanzo. Baadaye finisha (chakula cha kumalizia) ya asilimia 18 hadi 20. Changanya hizo mbili kwa siku tatu kabla ya kuhama kabisa. Kwa kuku 500 wanaokwenda vizuri, panga hivi: kilo 80 wiki ya kwanza, 180 ya pili, 310 ya tatu, 440 ya nne, 550 ya tano. Ni kama magunia 12 ya kilo 50 ya stata na 20 ya finisha, kwa kuku wa kilo 1.8 hadi 2. Gawanya jumla ya chakula kwa jumla ya uzito uliouza: ukipata zaidi ya 2, kuna mahali kinapotea.

Mdomo wa kilishio ulingane na mgongo wa kuku na bakuli lijae theluthi moja tu; likijazwa pomoni, wanakimwaga. Kilishio kimoja cha kuning'inia kitoshe kuku 40 hadi 50. Mchana wa joto kali, inua vilishio kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, maana kumeng'enya chakula kunaongeza joto mwilini. Uwarudishie jioni, na alfajiri. Maji yasiondolewe wakati wa joto hilo.

Anayechanganya mwenyewe asibadilishe mahindi kwa pumba. Nyuzinyuzi nyingi humjaza kuku bila kumpa nguvu. Soya ikaangwe, mbichi huzuia protini isisagwe tumboni. Mukene (dagaa) tia kidogo kwenye ndoo ya maji na ukoroge: mchanga utazama, na utajua umenunua nini. Mahindi tikisa na chumvi kavu ndani ya chupa. Chumvi ikigandamana ukutani, bado yana unyevu na yataota ukungu wenye sumu (sumukuvu).

Chanjo ya magonjwa ya kideri na gumboro ikipitia kwenye maji, tumia maji ya mvua au ya kisima. Klorini ya maji ya bomba huua chanjo. Wanyime maji saa moja au mbili kabla, ili waimalize ndani ya saa mbili.

Siku ya kuuza, ondoa chakula saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja, acha maji, na wakamate usiku kwa mwanga hafifu. Kama walitibiwa, hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa. Toa matandazo yote, osha, pulizia dawa ya kuua vijidudu, na banda likae tupu siku 14 kabla ya vifaranga wengine.