Somo: Kusafisha msimbo wa sesheni kwenye PHP, hatua kwa hatua

Wakuu, sesheni ni kumbukumbu ambayo seva inamtunzia kila mtu anapotembea kwenye kurasa zako, ndiyo inayojua nani kaingia. Somo hili ni la wale ambao mfumo wao unafanya kazi, watu wanaingia na kutoka, lakini ukifungua mafaili unakuta `session_start()`, amri ya kuianzisha, imetapakaa kila kona. Natumia PHP kwa sababu ndiyo ninayoshinda nayo. Wa lugha nyingine atakuta mantiki ni ile ile.

Nianze na aibu yangu. Niliwahi kuandika mfumo ambao mtu akiingia, namba yake inahifadhiwa kwa jina la `user_id`. Miezi ikapita, nikaongeza ukurasa wa ripoti, na kwa kusahau nikaandika `userid`. Ilipokataa, badala ya kusahihisha nikaijaza na hiyo pale pa kuingilia, mambo yakaenda. Ukurasa wa kutoka ulikuwa unafuta `user_id` peke yake. Basi mtu anabonyeza "Toka", anarudishwa kwenye fomu, anaamini katoka. Akiandika anwani ya ripoti, ripoti inafunguka kama kawaida. Aliyegundua ni mteja. Hapakuwa na mdukuzi wala shambulio, ni kistari kimoja cha chini.

Tangu hapo nina kanuni moja: `$_SESSION`, kapu ambamo PHP huweka data ya sesheni, inaguswa na faili moja tu.

Hatua ya 1: Hesabu uchafu

Kabla hujabadilisha chochote, ingia kwenye folda ya mradi uandike amri hii ya kutafuta neno ndani ya mafaili:

```
grep -rn '_SESSION' --include='*.php' .
```

Soma kila mstari. Andika pembeni majina yote ya funguo (yale yaliyo ndani ya mabano, kama `user_id`) unayokutana nayo. Ukiona jina moja limeandikwa kwa namna mbili, umeshapata hitilafu ya kwanza na hujafungua hata kivinjari.

Hatua ya 2: Tengeneza klasi moja ya sesheni

```php
<?php
declare(strict_types=1);

final class Sesheni
{
    private const UKIMYA = 1800; // sekunde

    public static function anza(): void
    {
        if (session_status() === PHP_SESSION_ACTIVE) {
            return;
        }
        session_start([
            'use_strict_mode' => 1,
            'cookie_httponly' => 1,
            'cookie_secure'   => 1,
            'cookie_samesite' => 'Lax',
            'gc_maxlifetime'  => self::UKIMYA,
        ]);
        $sasa = time();
        $mwisho = $_SESSION['mwisho'] ?? $sasa;
        if ($sasa - $mwisho > self::UKIMYA) {
            $_SESSION = [];
            session_regenerate_id(true);
        }
        $_SESSION['mwisho'] = $sasa;
    }

    public static function ingiza(int $id): void
    {
        session_regenerate_id(true);
        $_SESSION['mtumiaji_id'] = $id;
    }

    public static function mtumiajiId(): ?int
    {
        return $_SESSION['mtumiaji_id'] ?? null;
    }

    public static function toa(): void
    {
        $_SESSION = [];
        $k = session_get_cookie_params();
        unset($k['lifetime']);
        setcookie(session_name(), '', ['expires' => 1] + $k);
        session_destroy();
    }
}
```

Hiyo `cookie_samesite` inahitaji PHP 7.3 au ya juu zaidi. Kama bado uko chini ya hapo, una tatizo kubwa kuliko sesheni.

Kidakuzi (cookie) ni kipande cha data kwenye kivinjari kinachobeba kitambulisho cha sesheni ya mtu. `cookie_httponly` inazuia JavaScript kusoma kidakuzi. `cookie_secure` inahakikisha kidakuzi hakisafiri nje ya HTTPS. `use_strict_mode` wengi hawaijui, na PHP huiacha imezimwa. Ikiwa imezimwa, mtu akileta kitambulisho cha kubuni, seva inakipokea na kufungua sesheni kwa kitambulisho hicho hicho. Ukiiwasha, seva inakikataa na kutoa chake.

Kuhusu muda: usiiachie `gc_maxlifetime` kazi ya kumtoa mtu. Thamani yake ya asili ni sekunde 1440, yaani dakika 24, lakini maana yake ni kwamba baada ya hapo data *inaweza* kufagiliwa, na ufagio wenyewe hupita kwa bahati nasibu, kwa mipangilio ya asili mara 1 kwa kila maombi (requests) 100. Mfumo wenye wageni wachache unaweza kukaa saa nzima bila kufagia. Ndiyo maana natunza `mwisho`, yaani saa ya ombi lake la mwisho, mwenyewe na kupiga hesabu.

Hatua ya 3: Mtu akiingia, badilisha kitambulisho

Mstari wa `session_regenerate_id(true)` ndani ya `ingiza()` usiuguse. Bila huo, mdukuzi anaweza kukutegea kitambulisho anachokijua kabla hujaingia. Wewe unaandika nenosiri lako kwa uaminifu, na ukishaingia, naye yumo. Kitambulisho kikibadilika saa ile ile ya kuingia, alichoshika yeye kinabaki karatasi tupu. Fanya hivyo hivyo mtu anapopandishwa cheo ndani ya mfumo, mfano kutoka mtumiaji wa kawaida kuwa msimamizi.

Hatua ya 4: Kutoka kuwe kutoka kweli

`session_destroy()` peke yake inafuta data iliyoko kwenye seva, lakini `$_SESSION` inabaki na vitu vyake mpaka ombi hilo liishe, na kidakuzi kinabaki kwenye kivinjari. `toa()` inamaliza vyote vitatu. Wala haina haja ya kujua majina ya funguo, kwa hiyo kosa langu la kistari lisingewezekana.

Hatua ya 5: Hamisha kurasa, mmoja baada ya mwingine

Usijaribu kuhamisha zote usiku mmoja. Chukua ukurasa mmoja, toa `session_start()` yake, weka hivi juu kabisa:

```php
Sesheni::anza();
if (Sesheni::mtumiajiId() === null) {
    header('Location: /ingia.php');
    exit;
}
```

Hiyo `exit` ndiyo mlango wenyewe. `header()` inakiomba tu kivinjari kihame. Msimbo ulio chini yake unaendelea kukimbia. Nimeshakuta kurasa za kufuta rekodi ambazo mtu asiyeingia "anafukuzwa" huku rekodi inafutika nyuma yake.

Ukimaliza, rudia `grep` ya hatua ya 1. Lisitokee faili lolote zaidi ya lile la klasi.

Hatua ya 6: Jaribu kwa mkono

Fungua zana za msanidi kwenye kivinjari, angalia thamani ya `PHPSESSID` kabla ya kuingia, kisha baada ya kuingia. Zikifanana, hatua ya 3 haijashika. Halafu nakili ile ya baada ya kuingia, toka, ibandike upya mahali pake, ufungue ukurasa wa ndani. Ukikubaliwa, rudi hatua ya 4.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimefuata yote lakini inaniambia vichwa (headers) vimeshatumwa, sesheni haiwezi kuanza. Faili langu halina hata `echo` moja.*

Onyo lenyewe mara nyingi hutaja faili na mstari ulioanza kutoa maandishi, lisome mpaka mwisho. Likitaja mstari wa 1 na huoni kitu, huenda faili limehifadhiwa kwa UTF-8 yenye BOM, zile baiti tatu zisizoonekana mwanzoni. Lihifadhi upya bila BOM. Pia ondoa `?>` mwishoni mwa mafaili ya PHP tupu. Nafasi moja baada yake inatosha kukuharibia siku.

*Ukurasa wangu una maombi sita ya Ajax (yale JavaScript inayotuma kwa seva bila kupakia ukurasa upya). Kila moja kivyake ni jepesi, yakienda pamoja yanajipanga foleni. Seva ni nzuri tu.*

Seva haina kosa ndugu yangu. Sesheni ikihifadhiwa kwenye faili, PHP hulifunga kufuli tangu `session_start()` mpaka ombi liishe. Maombi sita ya mtu mmoja yanagombea faili moja, hivyo yanasubiriana. Ukishasoma unachohitaji, ita `session_write_close()` kabla ya kazi nzito. Kwa ombi la kusoma tu, ipe `session_start()` chaguo la `read_and_close`. Hapo ndipo utaona faida ya klasi moja: unaongeza fanksheni ya `soma()` sehemu moja, basi. Ila kwenye `soma()` usiandike `mwisho`, haitahifadhiwa.

*Mteja akienda kulipa kwenye tovuti ya malipo akirudi kwangu anakuta ametolewa. Nikiondoa ile `Lax` ya `cookie_samesite` inakubali. Niiondoe?*

Usiiondoe. Tovuti ya malipo bila shaka inamrudisha kwa POST (ombi la kutuma data, kama fomu), na kwa `Lax` kidakuzi hakiambatani na POST inayotoka tovuti nyingine. Kinachokuumiza zaidi ni kwamba ukurasa wako wa kupokea unaita `Sesheni::anza()`: haujaona kidakuzi, unatoa kipya, kinafunika cha zamani. Ukurasa huo usianzishe sesheni kabisa. Upokee majibu, uhakiki saini yao, uandike kwenye hifadhidata, kisha umhamishie mteja kwa GET (ombi la kufungua ukurasa tu) kwenye ukurasa wako wa kawaida. GET ya namna hiyo `Lax` inairuhusu, kidakuzi chake cha zamani kitafika naye.

*Nimeweka dakika 30 lakini watu wanatolewa baada ya 24. Seva ni ya kuchangia.*

Huenda mafaili yako ya sesheni yanakaa folda moja na ya majirani. Ufagio wa jirani mwenye 1440 haujui lipi lako, unafagia yote. Tengeneza folda yako nje ya ile inayofikiwa na wavuti, uitaje kwa `save_path` ndani ya `session_start()`, kisha utuambie.