SOMO: Bata mzinga wa Thanksgiving (sikukuu ya shukrani ya Wamarekani), kuanzia friza mpaka mezani (someni kwanza ndo muulize)

Jamani salaam. Kila mwaka Novemba ikiingia tu simu yangu haipumui, "dada yule bata ulimfanyaje", "dada moto kiasi gani", "dada mbona wangu katoka mkavu kama ubao", na mimi najibu mmoja mmoja mpaka vidole vinauma. Mwaka huu naandika mara moja, atakayeniuliza namtumia linki, basi. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa 11 huu, na bata mzinga nimeshapika mara 10, ila wa kwanza tusimhesabu, mtajua kwanini.

Hili ni somo la bata mzima wa oveni, paundi 13, watu 8 mpaka 10. Vya pembeni nitavigusa tu.

1. Kununua. Paundi moja na robo mpaka moja na nusu kwa kila mtu mzima. Soma lebo, bata wengi wa friza za supamaketi wameshadungwa maji ya chumvi, kama wako ni hivyo kumbuka ukifika namba 5. Wa halali muagize mapema buchani, wanaisha.

2. KUYEYUSHA. Hapa ndo nilipoaibika kwa hiyo msirukeruke. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua bata wa paundi 18, nikamtoa friza Jumanne usiku nikamweka kwenye friji, nikajiambia siku nzima na zaidi si inatosha, kuku mbona anayeyuka kwa usiku mmoja. Alhamisi saa mbili asubuhi namgusa juu laini, nikafurahi, naingiza mkono tumboni nikakutana na barafu tupu, ule mfuko wa firigisi umeganda katikati hautoki hata kwa kisu, nikigonga inalia ko ko ko kama nagonga mlango. Mume wangu akaleta draya ya nywele (sitanii). Nikaona isiwe tabu nikamsukumia hivyo hivyo kwenye oveni moto mkali. Saa kumi jioni nje kawa kahawia amependeza, wageni wakaanza kupiga picha, nikachanja pajani ikatoka damu. Akarudi ndani. Saa moja usiku bado. Watu wameshakula pilau, wameshakula maandazi ya asubuhi yaliyobaki, mama mkwe kaniita pembeni kwa sauti ya upole kabisa, "mwanangu, huyu ndege tunamla leo au ni wa mwakani?"

Sasa hesabu ni hii: ndani ya friji, saa 24 kwa kila paundi 4 au 5. Wa paundi 13 ni siku tatu kamili. Thanksgiving ni Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa hiyo JUMAMOSI JIONI anahama kutoka friza kwenda friji, Jumanne jioni yuko tayari, na akishayeyuka anakaa friji siku moja mbili hana neno. Weka trei chini yake, atatiririka, usije ukanywesha saladi maji ya bata. Shelfu ya chini kabisa.

Ukichelewa kuna njia ya maji: bata ndani ya mfuko usiovuja, zamisha kwenye sinki la maji BARIDI, badilisha maji kila nusu saa, hesabu nusu saa kwa kila paundi. Paundi 13 ni saa sita na nusu umesimama pale. Akitoka kwenye maji anapikwa hapo hapo, hangojei kesho. Maji moto hapana. Juu ya kaunta usiku kucha hapana, nje anapata joto na wadudu wanazaliana wakati ndani bado jiwe.

3. Toa vya ndani. Shingo na mfuko wa firigisi, maini na moyo, angalia matundu YOTE mawili, tumboni na shingoni.

4. Usimuoshe. Mpanguse kwa karatasi za jikoni mpaka akauke. Najua, najua, tutaongea kwenye maswali.

5. Chumvi na viungo, Jumanne usiku au Jumatano asubuhi. Chumvi ya chenga, kijiko kikubwa kimoja kwa kila paundi 5, ukitumia ya unga ya kawaida iwe nusu yake. Kama lebo ilisema ameshadungwa chumvi, pitisha kidogo sana au acha kabisa, mwaka wa tatu mimi niliweka juu ya ile yake na grevi (mchuzi wake mzito) ikawa kama maji ya bahari ya Tanga. Viungo vyangu: bizari nyembamba ya kukaangwa na kusagwa, pilipili manga, kitunguu saumu cha unga, mdalasini wa kunyunyiza tu. Iliki na karafuu nawekea pilau. Mrudishe friji BILA kumfunika, ngozi inakauka na ndo inayokuja kulia kru kru.

6. Alhamisi: siagi gramu 113 ilainike, changanya na kitunguu saumu cha kutwanga na maganda ya limau, ingiza vidole kati ya ngozi na kidari taratibu usichane, paka huko ndani.

7. Oveni 325°F, hiyo ni kama 163°C. Bila kujazwa kitu tumboni, wa paundi 12 mpaka 14 ni saa tatu mpaka tatu na dakika 45. Kidari kikiwahi kuiva rangi funika na foili. Acheni kufungua fungua mlango.

8. Nunua thamomita ya nyama. Chomeka penye nyama nene ya kidari na ndani ya paja, isiguse mfupa, isome 165°F (74°C) kote kote. Kile kidude cha plastiki wanachomchomeka kidarini, kinachoruka chenyewe eti ameiva, msikiamini.

9. Apumzike nusu saa kabla ya kisu. Na hapo oveni iko wazi, ingiza makaroni ya chizi.

10. Grevi: mafuta ya trei vijiko vikubwa 4, unga wa ngano vijiko 4, koroga mpaka unukie, mimina vikombe 2 vya supu uliyochemsha kwa shingo na firigisi. Chumvi onja mwishoni.

Mezani kwangu anakaa na pilau badala ya mikate yao ile ya kujazia, viazi vitamu, sukuma, na kranberi (vitunda vyekundu vichachu). Kranberi ni pakiti ya aunsi 12, sukari kikombe, maji kikombe, dakika 10 zinapasuka zenyewe pa pa pa, mimi natia tangawizi, inakuwa kama chatne na pilau inaipenda. Vyakula 15 siwezi, anayeweza Mungu ampe nguvu.

Haya, maswali.

Ukhty_Seattle: Dada USIMUOSHE??? Nyama bila ndimu na maji? Nilipokulia mimi ungefukuzwa jikoni.

Mama Zuu (mwenye mada): Hata mimi ningefukuzwa shoga. Ila bata wa paundi 13 ukimfungulia bomba maji yanaruka sinki zima, mpaka kwenye vikombe na sahani za saladi, na vile vijidudu vinaruka navyo, ndo maana wizara yao ya kilimo inawaambia watu waache. Moto wa 165 unaua vyote. Kama roho haikubali, mpanguse na kitambaa cha karatasi chenye ndimu, utupe, unawe mikono, uoshe sinki kwa sabuni. Mama yangu nilimwambia tu nimeosha.

bongo4life: Moto kiasi gani?

Mama Zuu: Namba 7.

bongo4life: Na saa ngapi?

Mama Zuu: Namba 7 hiyo hiyo kaka, ni mistari minne.

Wanjiru_MN: Sasa dada, mimi niko Minnesota na fridge yangu ni ndogo imejaa. Garage huku ni baridi kuliko hiyo friji, siwezi mweka huko tu?

Mama Zuu: Swali zuri mpenzi. Shida gereji haina mtu wa kuipima, usiku iko chini ya barafu bata hayeyuki, mchana jua likipiga mlango inapanda, na ikivuka 40°F (4°C) ndo wadudu wanaanza sherehe. Halafu kuna rakuni, wale wanyama wezi wa chakula. Tumia boksi la kupozea vinywaji (cooler), bata ndani ya mfuko, barafu chini na juu, thamomita ndani, ongeza barafu kila unapopita, isivuke 40. Sodas na maji ndo vikae gereji, utashangaa friji inapata nafasi.

Wanjiru_MN: Aki asante. Nilikuwa nadhani sitasaidika. Na sukuma unatumia gani, kale ama?

Mama Zuu: Kolardi. Hiyo ndo ndugu wa sukuma ya nyumbani, kale ya huku ina mikunjo na inakuwa ngumu. Tafuta shingo au mapaja ya bata mzinga wa moshi, yanauzwa karibu na nyama za kawaida, chemsha saa moja mpaka yalainike, ile supu ndo upikie kolardi. Niliipata kwa jirani yangu Mmarekani mweusi, yeye anaziacha jikoni saa mbili, mimi nakata nyembamba kama za nyumbani dakika 15 zimetosha, kila mmoja anamcheka mwenzake.

Mama_Furaha_KY: Jambo mama, aksanti sana kwa mafundisho. Sisi ni Wakongo wa Louisville. Watoto wanapenda hii ndege juu ya shule, lakini baba yao anasema bila bukari na sombe (ninyi munaita ugali na kisamvu) hajakula. Inaweza kwenda pamoja?

Mama Zuu: Inaenda sana mama! Hiyo nyama ya moshi niliyomtajia Wanjiru itie kwenye sombe badala ya samaki, halafu bukari na grevi, baba atanyamaza. Tuletee picha.

Chid_TX: mi nataka kukaanga kwenye mafuta kama wazungu, nina sufuria kubwa na jiko la gesi. yupo bado na barafu kidogo ila nadhani mafuta yatayeyusha. ntafanyia gereji kwa sababu ya mvua

Mama Zuu: HAPANA. Barafu ikigusa mafuta yanayochemka inageuka mvuke papo hapo, mafuta yanafurika, yanashika moto wa jiko, na wewe uko ndani ya gereji. Kukaanga ni nje, mbali na nyumba, bata amekauka kabisa ndani na nje. Mvua ikinyesha rudi namba 7.

Chid_TX: sawa sawa usinifokee

Mama Zuu: Nakufokea kwa sababu nataka uje kuuliza tena mwakani.

mwanafunzi_Boston: Samahani nje ya mada, kwanini Alhamisi ya nne? Mimi nilidhani ni ya mwisho.

Mama Zuu: Karibu mdogo wangu. Zamani ilikuwa ya mwisho kweli, Rais Lincoln ndo aliitangaza hivyo 1863. Mwaka 1939 Novemba ikawa na Alhamisi tano, wafanyabiashara wakalia siku za kununua zawadi za Krismasi zimebaki chache, Rais Roosevelt akaisogeza wiki moja nyuma, majimbo mengine yakagoma, nchi ikawa inakula kwa tarehe mbili. 1941 Bunge likapitisha sheria, ya nne, kwisha. Ila bado inachanganya watu, 2023 zilikuwa tano, shemeji yangu akatokea tarehe 30 na keki mkononi, sisi tumeshamaliza hadi mifupa.

Ukhty_Seattle: 😂😂 Maskini. Mifupa mnaifanyaje?

Mama Zuu: Supu. Chemsha saa tatu na tangawizi, ndimu na pilipili mbuzi. Nyama iliyobaki iingie friji kabla saa mbili hazijapita tangu itoke kwenye oveni, iliwe ndani ya siku tatu nne. Mimi nachambua naweka kwenye sambusa, na watoto hawajui kama ni bata yule yule.

Dogo_Dallas: Jumatano saa tatu usiku hii. Dada nimenunua bata wa paundi 12 saa hizi ni jiwe, naingia kazini mpaka alfajiri, wageni saa nane mchana. Naombeni msaada wa haraka

Mama Zuu: Umesoma namba 2?

Dogo_Dallas: Nimesoma sasa hivi. Nimechelewa

Mama Zuu: Eeh umechelewa. Sikiliza, bata aliyeganda anaruhusiwa kwenda oveni akiwa jiwe, kosa langu mimi lilikuwa moto mkali na kukosa thamomita. Weka 325, muda unaongezeka nusu yake, kwa hiyo saa tano mpaka sita. Ukitoka kazini saa kumi na mbili tu asubuhi anaingia, nenda kalale, weka alamu. Chumvi na siagi pakaa baada ya saa mbili hivi ngozi ikilainika. Saa ya tatu au ya nne vuta ule mfuko wa ndani kwa koleo la jikoni. Usimjaze kitu. Thamomita nunua njiani.

Dogo_Dallas: Alhamisi saa saba mchana. Ametoka dada, paja 171 kidari 166, kapendeza kuliko wa shangazi yangu. Ila nililala alamu ikanipita, mfuko wa firigisi nimeukuta humo humo

Mama Zuu: Wa karatasi au plastiki? Kama plastiki na imeyeyuka msimle.

Dogo_Dallas: Karatasi

Mama Zuu: Haya, zipime na zenyewe zifike 165. Firigisi ni ya mpishi, usimpe mtu.